Simu, kinasa sauti au kadi ya sauti: ukiwa Nairobi urekodi kwa kipi?

Mwaka jana nilikwenda Majengo, Pumwani, kumrekodi bibi mmoja akisimulia harusi za ujana wake. Alianza taratibu, akaimba beti mbili za kumtoa mwali, kisha bila kutarajia akapiga kigelegele. Kigelegele kile ndicho nilichokifuata, na ndicho nilichokipoteza. Kwenye rekodi kinasikika kama karatasi inayochanwa. Nilimwomba, “Bibi, tafadhali turudie hapo,” naye kwa wema wake akarudia, lakini cha kwanza kilimtoka moyoni na cha pili alikitoa kwa ajili ya mashine.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue nini cha kurekodia, kama walivyoniuliza kwaya moja ya Kayole na wanapodikasti wa Umoja, swali langu la kwanza si ana pesa ngapi. Namuuliza ni kosa gani hataweza kulirekebisha akishafika nyumbani. Katika kurekodi kwa dijitali kuna makosa yanayosafishika na kuna yasiyosafishika kabisa, na tofauti kubwa kati ya kifaa na kifaa iko hapo, si kwenye namba zilizochapishwa juu ya boksi.

Kutoka mdomoni hadi kwenye namba

Sauti ni hewa inayosukumwa mbele na nyuma. Ndani ya maiki mna utando unaotikiswa na hewa hiyo, na mtikisiko wake unageuzwa kuwa umeme mdogo sana unaopanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Mpaka hapo hakuna dijitali yoyote. Ni kazi ile ile iliyofanyika kwenye studio za River Road zama za santuri. Umeme huo unakuzwa, kisha unafika kwenye kigeuzi, na namba zinazaliwa hapo. Kigeuzi kinaupima, kinaandika namba, kinaupima tena, kinaandika tena, mara 44,100 au 48,000 kila sekunde. Kila kipimo huitwa sampuli.

Simu yako, kinasa sauti cha mkononi na mashine ya studio vyote vina hatua hizo nne: maiki, kikuzaji, kigeuzi na mahali pa kuhifadhi. Katika simu, hatua zote zimeamuliwa na aliyeitengeneza. Katika kinasa sauti unashika usukani wa baadhi. Ukiwa na kadi ya sauti, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, unachagua maiki, unachagua kikuzaji, unachagua programu, na ukikosea, kosa ni lako pia.

Wengi huamini kwamba kati ya sampuli moja na nyingine kuna kitu kinachodondoka, kwamba sauti ya dijitali ni ngazi na ile ya kanda ni mteremko laini. Sivyo. Harry Nyquist aliandika msingi wa jambo hili mwaka 1928 akishughulikia telegrafu, na Claude Shannon akaukamilisha mwaka 1949: ukipima kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wa kasi zaidi uliomo kwenye sauti, kuna wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye namba zote hizo, nalo ni lile lile uliloanza nalo. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, hadi karibu 20,000. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Imetosha, na kidogo kimebaki cha chujio linalozuia milio ya juu zaidi.

Chujio hilo lina kazi kubwa. Mlio wa hezi 30,000 ukiingia kwenye kigeuzi cha 44,100 bila kuchujwa, haupotei. Unageuka kuwa mlio wa hezi 14,100 ambao haukuwahi kuwapo chumbani. Na ukishaandikwa namna hiyo huwezi kuutenganisha na sauti halali. Ndiyo maana kila kigeuzi kinachuja kwanza, ndipo kinapima.

44,100 au 48,000?

Namba 44,100 haikutoka kwenye sikio. Sauti ya dijitali ilipoanza kuhifadhiwa, ilihifadhiwa kwenye mashine za kanda za video, na hesabu ya mistari ya picha ndiyo iliyoamua: mistari 245 mara 60 mara 3 kwa mfumo wa Marekani na Japani, mistari 294 mara 50 mara 3 kwa mfumo wa Ulaya. Zote mbili zinatoa 44,100. Sony na Philips wakaibeba namba hiyo hadi kwenye CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Namba 48,000 ni ya watu wa video, kwa sababu inagawanyika sawasawa kwa picha 24, 25 au 30 za sekunde moja.

Kwa hiyo, sauti itakayokwenda na video, iwe harusi, mahubiri au mahojiano ya YouTube, irekodi kwa 48,000. Ya kusikilizwa tu, yoyote kati ya hizo mbili. Ukichagua, shikilia hiyo hiyo tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Duka moja la Luthuli Avenue kijana aliniambia, “Boss, chukua hii, iko na 192, hautawahi juta.” Alimaanisha sampuli 192,000 kwa sekunde. Sikuichukua. Mtafiti wa popo anaihitaji, kwa maana popo hulia juu ya uwezo wa sikio letu. Msimulizi wa Majengo, kwaya ya Kayole na wanapodikasti wa Umoja hawaihitaji. Hata 96,000 kwa biti 24 na chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, hula karibu gigabaiti 2 kwa saa, na huwezi kusikia ulicholipia.

Biti: mawe ya mizani

Hapa tofauti ni ya kweli, na ni hapa nilipokipoteza kigelegele cha bibi.

Fikiria mwenye kioski anayepima sukari. Akiwa na mawe ya kilo tu, kila anayetaka robo atapewa kilo au ataondoka mkono mtupu. Akiwa na mawe ya gramu, atampa kila mtu kilicho karibu sana na haki yake. Biti ni ukubwa wa mawe hayo. Rekodi ya biti 16 ina ngazi 65,536 za kuandikia ukubwa wa umeme. Ya biti 24 ina ngazi 16,777,216. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi kati ya sauti kubwa kabisa inayoandikika na chini kabisa ambapo kelele za kukadiria zinaanza. Biti 16 zinatoa desibeli 96, biti 24 zinatoa 144 kwa hesabu. Kwa vitendo hakuna kigeuzi kinachofika 144, kwa sababu umeme wenyewe una mvumo wake. Vizuri sana hukaribia 120.

Faida ya biti 24 kwa hiyo si utamu. Ni nafasi. Mizani ya dijitali ina mwisho wa juu unaoitwa sifuri, na juu yake hakuna kitu. Umeme ukipita hapo, kila sampuli huandikwa namba ile ile ya juu kabisa, na kilele cha wimbi kinakatwa kama mti uliopigwa msumeno. Mafundi wetu husema sauti imepasuka. Zipo programu zinazojaribu kuchora upya kilele kilichokatwa, lakini zinabahatisha. Kilichokuwapo hakikuandikwa popote.

Mimi nilifundishwa kujaza mita, kile kipimo kinachoonyesha ukubwa wa sauti inayoingia. Nilipandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, mpaka sauti ya bibi ya kusimulia ikawa inagusa karibu na sifuri, na kigelegele kilipokuja hakikuwa na pa kwenda. Leo narekodi kwa biti 24, naacha sauti ya kawaida icheze chini na vilele vifike karibu desibeli 12 chini ya sifuri, kisha nyumbani napandisha. Kwa biti 24 kupandisha huko hakuleti mvumo wa kukusumbua. Kwa biti 16 inawezekana pia, lakini nafasi ya kukosea ni nyembamba.

Siku hizi vipo vinasa sauti vidogo vyenye biti 32 za nukta ya kuelea, kama Zoom H1essential iliyotoka mwaka 2024. Ndani mna vigeuzi viwili, kimoja cha sauti ndogo na kimoja cha sauti kubwa, na namba zake zinaweza kuandika hata kilicho juu ya sifuri. Unakishusha baadaye na kilele chake kipo. Kwa anayerekodi peke yake watu wasiotabirika, wazee, watoto, waombolezaji, hii ndiyo ningeilipia kabla ya kitu kingine chochote. Ila utando wa maiki una kikomo chake, na sauti ikiupita, itapasuka kabla hata ya kufika kwenye namba. Wala biti hizo 32 hazisogezi maiki karibu na mdomo.

Ihifadhiwe vipi?

Faili ya aina ya WAV huandika kila namba kama ilivyo. Kwa 44,100, biti 16, chaneli mbili, ni takriban megabaiti 10.6 kwa dakika, yaani megabaiti 635 kwa saa. Mtu mmoja akizungumza anahitaji chaneli moja tu, na hapo unakata nusu. MP3, iliyotoka kwa watafiti wa Fraunhofer huko Ujerumani, kwa kilobiti 128 ni chini ya megabaiti 1 kwa dakika. Inafanya hivyo kwa kutupa yale ambayo sikio halingeyasikia kwa kuwa yamefunikwa na sauti nyingine kubwa zaidi.

Tatizo ni kwamba kilichofunikwa leo kinaweza kufunuliwa kesho. Ukija kupunguza mvumo, kupandisha sauti ya mzee aliyekaa mbali, kisha ukahifadhi tena kuwa MP3, unasikia maji maji na mluzi kwenye herufi s. Rekodi kwa WAV, toa nakala ya MP3 ya kusambaza mwishoni. Ukiwa na shida ya nafasi, faili ya aina ya FLAC hubana bila kutupa namba hata moja. Na ukimtumia mwenzako rekodi kwa WhatsApp, itume kama hati. Usirekodi mahojiano kama ujumbe wa sauti. Huo umebanwa kwa ajili ya kuokoa bando, na haufunguki tena ukawa kamili.

Sasa vifaa vyenyewe

Simu unayo tayari, na siidharau. Kasoro yake si maiki peke yake. Programu yake ya kurekodi mara nyingi hubana faili tangu mwanzo, na hupandisha na kushusha kiwango yenyewe: mzee akinyamaza kutafakari, simu inaudhani ukimya ni sauti ndogo, inaupandisha, na matatu ya nje inaingia chumbani. Akianza tena kusema, inashuka ghafla. Kupanda na kushuka huko kumeshaandikwa ndani ya namba. Tafuta programu inayorekodi WAV na kukuruhusu kuzima marekebisho hayo ya kujiendesha, weka simu katika hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati ya simulizi, na ongeza maiki ya kubana kifuani. Boya BY-M1 ni mfano unaojulikana sana. Ina waya wa mita 6, na swichi yenye upande wa simu na upande wa kamera, kwa hiyo iangalie kabla ya kuanza. Ukiwa na maiki hiyo shubiri moja chini ya kidevu, simu ya kawaida itashinda kinasa sauti cha bei kubwa kilichowekwa mezani hatua mbili mbali.

Sababu ni ya kifizikia. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua desibeli 6, ilhali mwangwi wa kuta na ngurumo za barabarani hubaki pale pale. Mwangwi nao ni katika yale makosa magumu kusafisha. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jaribu kusogea.

Kinasa sauti cha mkononi, Zoom au Tascam, kinakupa vitu vitatu ambavyo simu inakunyima: kitufe cha geini kinachokutii, maiki mbili zilizopangwa kwa ajili ya sauti ya pande mbili, na betri ambazo hazishughulikii kitu kingine. Stima ikipotea unaendelea. Kwa kwaya ndicho chaguo langu bila kusita. Kiweke kwenye stendi ndefu, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, hatua chache nyuma ya mwalimu wa kwaya, na utasikia soprano na besi kila mmoja mahali pake. Kifunike maiki kwa sponji au manyoya ukiwa nje, kwa sababu upepo unaopiga utando haufutiki. Usikishike mkononi, kila kidole kinasikika. Na usichomoe kadi kabla ya faili kufungwa.

Maiki ya USB ina kikuzaji na kigeuzi ndani ya mwili wake. Kwa mtu mmoja anayesoma habari au kufundisha mtandaoni ni rahisi na inatosha. Shida inaanza siku mgeni anapokuja. Kila kigeuzi kina saa yake ya ndani inayoamua lini ipimwe sampuli inayofuata, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, baada ya saa moja sauti hizo mbili zimeachana kwa sekunde 0.072, na hapo unaanza kusikia kivuli cha kila neno. Ni hivyo hivyo kwa simu mbili zinazorekodi mazungumzo yale yale. Inarekebishika kwa kukata na kuvuta, lakini ni usiku mzima wa kazi.

Kadi ya sauti, ile mafundi wa studio huita saundikadi, inaondoa tatizo hilo: maiki mbili au nne zinapimwa kwa saa moja, na kila mtu anaandikwa kwenye njia yake. Mgeni akikohoa, unafuta kikohozi chake bila kumgusa mwenyeji. Kwa podikasti ya watu wawili wanaokaa mahali pamoja kila wiki, sioni kinachoishinda. Programu isikutishe, Audacity ni ya bure na inafanya kazi zote nilizozitaja. Gharama yake ni kwamba unabeba kompyuta, waya, stendi, na unategemea stima. Ukisikia mvumo mnene usiokoma, huo ni umeme wetu wa hezi 50 unaoingia kupitia chaja. Chomoa chaja, endesha kompyuta kwa betri, na mara nyingi unakoma papo hapo.

Kondensa au dainamiki, chini ya mabati

Muuzaji atakusifia maiki ya kondensa, nayo kweli husikia zaidi. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, utando wake ni mwepesi, inanasa hata pumzi. Lakini Nairobi kusikia zaidi si neema kila mara. Kwarara wanapita asubuhi wakipiga kelele juu ya paa, boda boda anapiga honi, jirani anachomelea geti, spika za ibada ziko ng'ambo ya barabara. Kondensa katika chumba kitupu chenye kuta za mawe itakuletea vyote hivyo pamoja na mwangwi wake. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyopo tangu mwaka 1966, ni nzito wa kusikia. Inataka mdomo uwe karibu, na yaliyo mbali yanabaki mbali. Kwa vyumba vyetu vingi nachagua dainamiki, isipokuwa pale chumba kina makochi, mapazia mazito na godoro lililoegemezwa ukutani.

Mvua juu ya mabati haina maiki inayoishinda. Ahirisha.

Kwa hiyo wanapodikasti wa Umoja: dainamiki mbili na kadi ya sauti yenye matundu mawili. Kwaya ya Kayole: kinasa sauti kwenye stendi, biti 24. Mjukuu anayetaka sauti ya nyanya yake mwezi huu, na hana pesa: simu aliyonayo, maiki ya kifuani, WAV, hali ya ndege, na aende leo asisubiri kununua.

Mimi Jumamosi narudi Majengo. Nina kinasa sauti cha biti 32, maiki ya kifuani iliyochomekwa humo, na betri mbili za akiba. Nitarekodi sekunde 30 kwanza, nivae vipokea sauti na kuzisikiliza kabla ya chai kuletwa. Bibi amesema safari hii atawaita shoga zake wawili, na nyimbo wanazijua zote.